Fomu ya Kutafuta Si Mtihani

Najua nimepotea. Kuna wawili watatu wamenitumia meseji wakiuliza kama nimedisko... hapana jamani, bado nipo nipo. Nilibanwa na ripoti ya fildi, na mtu akiwa anasubiri bumu hata hamu ya kuandika inakata. Leo ni Jumamosi, upepo wa ziwani umegoma kabisa kupanda huku Malimbe, geto lina joto kama tanuri, jirani kafungua redio kwa sauti ya harusi. Kusoma haiwezekani. Basi ngoja nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu fildi ya mwaka jana.

Dukuduku lenyewe linahusu kompyuta, lakini usikimbie! Mimi mwenyewe ni mtu wa ualimu, masomo yangu ni Hisabati na Jiografia, na programu nilijifunza kwa kudesa kutoka kwa mshikaji ninayekaa naye. Nitaeleza kwa lugha ya kawaida.

Nilipangwa sekondari moja ya humu humu Nyamagana, jina naliacha. Ofisi ya taaluma walikuwa na kompyuta moja yenye programu ya kutafuta taarifa za wanafunzi, waliyotengenezewa na fundi fulani. Ukiifungua inakuja fomu yenye visanduku saba: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo, jinsia, kidato, mwaka wa kuingia na namba ya usajili. Chini kuna kitufe kimeandikwa TAFUTA. Kwa macho ilikuwa bomba kweli.

Asubuhi moja akaja mama mmoja na binti yake, na mtoto mchanga kafungwa mgongoni kwa bibi yake. Binti aliacha shule akiwa kidato cha pili, sababu mmeshaielewa. Kama mnakumbuka, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mabinti waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi, na waraka ukatoka. Mama alikuwa amesikia, akamleta mwanae arudi darasani.

Dada wa ofisi akamuuliza namba ya usajili. Binti hakuikumbuka. Mwaka wa kuingia? Hana hakika. Basi dada akajaza alichokipata: jina la kwanza, jina la ukoo, jinsia. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu: HAKUNA MWANAFUNZI. Akarudia. HAKUNA MWANAFUNZI.

"Binti, una uhakika ulisoma hapa?"

Yule binti hakujibu, aliangalia chini tu. Mama ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, sare zake za hapa nilizinunua mimi."

Wakaambiwa waende wakaitafute namba, wakiipata warudi. Walikuwa wametoka Igoma, nauli yao ya kwenda na kurudi mfukoni mwao wenyewe. Nikawatazama wanavyovuka uwanja wa mpira kuelekea barabarani, moyoni nikasema, daah, hawa wakiondoka hivi wanaweza wasirudi tena. Mtu aliyejikaza mwaka mzima kuikabili aibu, ukimwambia "hupo", umemfungia mlango mara ya pili.

Mchana nikaomba ruhusa ya kuangalia ile programu. Nilikuta kitu ambacho nimekuja kugundua kipo sehemu nyingi sana, na ndicho kinachonifanya niandike leo.

Iko hivi. Kompyuta inahifadhi taarifa kwenye jedwali, kama rejista. Ukitaka kitu unaiandikia swali kwa lugha ya SQL, na sehemu ya masharti huanza na neno WHERE. Yule fundi aliandika swali moja tu lenye masharti yote saba, likabaki hivyo milele. Kwa hiyo dada wa ofisi alipojaza visanduku vitatu, kompyuta haikuulizwa "nipe wasichana wenye jina hili". Iliulizwa: nipe msichana mwenye jina hili, NA jina lake la kati ni tupu, NA kidato chake ni tupu, NA mwaka wake wa kuingia ni tupu, NA namba yake ni tupu. Sasa mwanafunzi wa namna hiyo utampata wapi? Hayupo duniani! Kompyuta ilisema kweli tupu, ila kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Sisi tuliopita kwenye shule zetu tumelelewa na mitihani. Kwenye mtihani ukiacha nafasi wazi maana yake ni kosa, unapewa sifuri. Naona tumeibeba tabia hiyo mpaka kwenye fomu. Lakini fomu ya kutafuta si mtihani, wadau! Anayetafuta anatafuta kwa sababu hajui. Kama angejua yote saba angetafuta nini? Kisanduku alichoacha wazi hakisemi "hakuna", kinasema "hapa sijui" au "hapa popote sawa". Programu ikishindwa kutofautisha maneno hayo, iliyofeli ni programu. Binti wa watu hajafeli kitu.

Nendeni sokoni Mkuyuni mkaone watu wanaojua kutafuta. Unafika kwa mama wa samaki, "Shikamoo mama, nataka sato." Anakuitikia marahaba, anakuonyesha sato wote alio nao. Ukisema "wa elfu kumi", anaondoa wakubwa na wadogo. Ukiongeza "mbichi", anaweka pembeni waliokaangwa. Hujamwambia kavuliwa wapi wala ana urefu gani, na yeye hakukujibu "samaki asiye na urefu sina". Kila neno ulilosema amelifanya sharti, na uliyonyamazia ameyaacha. Mama yule hajasoma SQL, ila kazi anaifanya vizuri kuliko yule fundi.

Na wala si elimu mpya. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alichapisha makala iliyoweka msingi wa kuhifadhi taarifa kwa majedwali. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaitambulisha lugha waliyoiita SEQUEL, ndiyo hii SQL ya leo. Na katika miaka hiyohiyo ya sabini, mtu mwingine wa IBM anaitwa Moshé Zloof akabuni mtindo alioupa jina Query by Example, yaani kuuliza kwa mfano. Mtumiaji anaonyeshwa jedwali tupu, anajaza kwenye safu anazozijua tu, na safu asiyoigusa haimbani. Miaka karibu hamsini hiyo! Halafu leo mtu anamuuzia mwalimu fomu inayolazimisha kujaza vyote.

Sasa tiba yake. Badala ya swali moja lililoganda, swali linajengwa papo hapo kutokana na kilichojazwa. Unaanza na kikapu kitupu cha masharti. Unapita kisanduku kimoja kimoja: hiki kina kitu? Kama kina, ongeza sharti lake kikapuni. Hakina, pita. Ukimaliza, unganisha masharti kwa AND. Aliyejaza matatu anapata:

WHERE jina = ? AND ukoo = ? AND jinsia = ?

Aliyejaza moja anapata moja. Mafundi wengi huanza na WHERE 1=1, sharti ambalo ni kweli siku zote, ili kila linalofuata liungwe kwa AND bila kujiuliza kama ni la kwanza. Ukiliona usilishangae, ni kijiti tu cha kutundikia mengine.

Lakini ngoja niwaambie na aibu yangu, maana nisije nikaonekana mjuaji. Siku ile sikufanya hivyo. Nilikuwa na haraka, nikatumia njia ya mkato ambayo mshikaji wangu alinionyesha: kila sharti nikaliandika kwa LIKE, na neno la mtumiaji nikaliweka katikati ya alama mbili za asilimia. Maana yake "lenye herufi hizi popote". Kisanduku kikiwa tupu zinabaki '%%' peke yake, yaani "lolote". Nikajaribu majina kumi ya wanafunzi wangu, yote yakaja. Nikajiona mwanaume! Kisha nikajaribu jina la yule binti.

HAKUNA MWANAFUNZI.

Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja na funguo. Kosa lilikuwa hili: binti alikuwa na majina mawili tu, na safu yake ya jina la kati haikuwa na kitu kabisa. Kwenye SQL hali hiyo inaitwa NULL, maana yake haijulikani. Ukiiuliza kompyuta kama "haijulikani" inafanana na "lolote", haisemi ndiyo wala haisemi hapana, inasema haijulikani. Na WHERE inapitisha wale wa ndiyo peke yao. Kwa hiyo njia yangu ya mkato ilimtupa nje kimyakimya kila mwenye majina mawili. Yale majina kumi niliyojaribia yote yalikuwa ya watu wenye majina matatu!

Hapo nilijifunza kwamba utupu upo wa aina mbili. Kuna utupu wa anayeuliza, ambaye hajui. Na kuna utupu wa kumbukumbu, ambako karani hakuandika au hakukuwa na cha kuandika. Ukivichanganya hivi viwili, watakaopotea ni walewale ambao kumbukumbu zao hazikukamilika toka mwanzo: asiye na jina la kati, asiye na simu ya mzazi, asiye na cheti cha kuzaliwa. Mwenye kila kitu haathiriki. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mafundi peke yao, ni la haki pia.

Nikafuta LIKE zote, nikajenga swali kwa mtindo wa kikapu, usiku huohuo yule binti akaonekana kwenye kioo. Jina lake, kidato chake, namba yake. Alikuwepo muda wote.

Kesho yake likazuka lingine, na hili ni letu kabisa watu wa Kanda ya Ziwa. Majina ya ng' yenye ritifaa. Hapa kwetu utawakosaje? Mji wenyewe wazee wa Kisukuma hutamka Ng'wanza. Sasa kwenye SQL maneno hufungwa kwa alama hiyohiyo, ile ya ritifaa. Ukichukua jina kama lilivyo ukalibandika ndani ya swali, kompyuta ikifika kwenye ng' inadhani neno limeishia pale, na herufi zinazofuata inaziona takataka. Swali zima linavunjika. Na ile programu ilikuwa inameza kosa na kuandika palepale HAKUNA MWANAFUNZI. Ng'wanamalundi mwenyewe, ambaye inasimuliwa alikuwa akikausha mti kwa kuunyooshea kidole, angeingia ofisi ile asingeonekana! Ha ha ha.

Nilipouliza, nikaambiwa fundi alishashauri: majina ya namna hiyo yaandikwe bila ritifaa. Wadau, hapo nilikasirika. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti, moja ni kung'oa mhogo na lingine ni wivu. Jina la mtu limo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye kitambulisho cha taifa, kesho litakuwa kwenye cheti cha kidato cha nne. Unamwambiaje mtoto abadili jina la babu yake kwa sababu fundi hajui kazi?

Na dawa ipo, tena rahisi. Usibandike maneno ya mtumiaji ndani ya swali. Kwenye swali weka alama ya kuuliza kama kiti kisicho na mtu, halafu jina lipeleke kando lije likae pale. Zile alama za ? mlizoziona juu ndizo hizo. Kompyuta inajua kilichokaa kwenye kiti ni jina tu, hata kiwe na ritifaa kumi. Njia hiyo ndiyo inayowazuia na wezi, maana tangu mwaka 1998, Jeff Forristal alipoandika kwenye jarida la Phrack, inajulikana hadharani kwamba mtu anaweza kuandika amri ndani ya kisanduku cha fomu na kompyuta ikaitii. Kwa hiyo anayemheshimu mwenye ng' anajilinda na mwizi kwa kazi ileile moja. Kumbuka tu kwamba kiti ni cha thamani, si cha jina la safu. Kama mtumiaji anachagua apange kwa safu gani, mpe orodha yako mwenyewe achague humo.

Kidogo tena: ritifaa za baadhi ya simu zimepinda, za kibodi zimenyooka. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Zigeuze ziwe aina moja wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta, la sivyo utarudi kulekule.

Sasa najua kuna wabishi. Mshikaji wangu ni wa kwanza: "Mtu akiacha vyote tupu je? Si atapata shule nzima?" Hoja nzuri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za wanafunzi si za kumwagia kila anayepita. Kwa hiyo dai angalau kisanduku kimoja kijazwe, weka kikomo cha majibu, na anayetafuta aingie kwa nywila yake. Ila kudai kimoja ni tofauti na kudai saba.

Na angalizo kubwa: mtindo wa kikapu ni wa kutafuta. Usije ukauchukua hivihivi ukauweka kwenye kufuta! Kikapu kikiwa kitupu kwenye kutafuta, unaona watu wote. Kikapu kikiwa kitupu kwenye kufuta, unafuta watu wote. Kwenye kufuta dai namba ya usajili, mtu mmoja mmoja, basi.

Wengine watasema, "Ticha, si wangefungua tu rejista ya karatasi?" Ni kweli, na iliwezekana. Lakini rejista ile ilikuwa kabatini hatua mbili kutoka kwenye kile kiti, na hakuna aliyeifungua, kwa sababu kompyuta ilishasema. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Karatasi ikikosa jina tunasema labda karani aliruka. Kompyuta ikikosa jina tunamuuliza binti kama ana uhakika alisoma hapa.

Kwa hiyo maoni yangu, wadau mnaokwenda kuwa walimu, na wengi wenu mtakabidhiwa kompyuta ya ofisi mtake msitake. Kabla hujaipokea programu yoyote, ijaribu hivi: tafuta kwa jina moja tu. Tafuta mwenye majina mawili. Tafuta mwenye ng'. Ikishindwa mojawapo, mrudishie fundi wake, usimlipe kwanza. Na ikikuambia "hakuna", usimgeukie mtu aliyesimama mbele yako kabla hujaigeukia kompyuta.

Yule mama alipigiwa simu na mwalimu wa darasa, maana namba yake ilikuwa kwenye kumbukumbu zilezile tulizoambiwa hazipo. Walirudi wiki iliyofuata. Siku naaga fildi binti alikuwa anakaa dawati la pili, upande wa dirishani, na namba yake ya usajili kaiandika kwa kalamu ya wino juu ya kava la daftari, kubwa kabisa. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Hakupaswa kuibeba hivyo.

Haya, jua limeshuka na jirani kazima redio, naenda kutafuta mihogo ya jioni. Wabishi leteni ubishi wenu, hasa nyie wa kompyuta, nipo geto.